Sura ya Sita: Kadi Zilizofia Sandukuni

Kila kitu kiliharibika Ijumaa, tarehe kumi na nne Oktoba, mwaka 2005. Ilikuwa sikukuu ya taifa, kumbukumbu ya kifo cha Baba wa Taifa. Benki zilikuwa zimefungwa, na wakubwa walikuwa Butiama kaburini kwake, wakiweka mashada na kupigwa picha. Siku hiyo Burito Magesa, mchimbaji mdogo wa dhahabu kule Buhemba, alisimama mbele ya mashine ya kutolea pesa mjini Musoma akiwa na kadi ya mke wake mkononi.

Mkewe, Esta, alikuwa hospitali, mtoto amekwama tumboni. Daktari alikuwa ameshasema hawana vifaa vya upasuaji, vikanunuliwe duka la dawa la ng'ambo ya barabara. Pesa ya vifaa haikuwa shida. Ilikuwepo benki kwa jina la Esta, pesa ya pamba yake aliyoilima kwa mgongo wake mwenyewe. Mashine ikaimeza kadi, ikafikiri, ikaitema. Kadi haisomeki. Burito akaipangusa kwenye shati, akairudisha. Haisomeki. Mlinzi akamwambia ajaribu mashine ya Bunda, labda hii ya Musoma imeamka vibaya. Burito akadandia lori mpaka Bunda. Ya Bunda nayo ikakataa. Aliporudi Musoma, Esta alikuwa ameshafunikwa shuka, na mtoto naye kalazwa ubavuni kwake.

Jumatatu yake faili lilitua mezani kwa Sajenti Clementi Masatu wa idara ya upelelezi.

"Hili ni jepesi," alisema Afande Machage, mkuu wake. "Mwanamke tunaye mahabusu. Anaitwa Pelagia, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa pamba kule Butiama. Kadi zote za kikundi anakaa nazo yeye, na zote zimekufa. Na huyo marehemu waligombea naye uenyekiti. Unataka nini tena?"

"Nataka kujua zimekufaje, afande."

"Utajua mahakamani. Alhamisi anapandishwa. Kwanza ni kuharibu mali kwa makusudi, la kifo litafuata. Kijijini wameapa akirudi wanachoma nyumba yake. Wakubwa wa benki nao wamepiga simu kutoka Dar. Hawataki maneno wakati huu wa kampeni."

Masatu alitoka na faili lake kwapani. Alikuwa amefanya kazi hii miaka ya kutosha kujua kwamba wakubwa wakipiga simu, kuna mdogo atalala ndani.

Pelagia alikuwa mwanamke wa makamo ya kuelekea uzee, kanga mbili, rozari shingoni. Alikaa kwenye benchi la chumba cha mahojiano kama aliyekaa kanisani akisubiri misa ianze.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunipeleka au kuniuliza?"

"Kukuuliza. Kadi za watu kwa nini zinakaa kwako?"

"Kwa sababu ya wanaume." Alisema bila kumung'unya. "Zamani pamba tunauza ushirika, mwanaume ndiye anasaini, mwanaume ndiye anakunywa. Ushirika wakubwa wameula mpaka mizani. Wakaja hawa wanunuzi binafsi, wakasema kila mkulima afungue akaunti, apewe kadi, majambazi wasituvizie njiani. Sawa. Kadi umeipata, unaiweka wapi ndani ya nyumba ambayo mume anapekua mpaka chungu cha unga? Tukakubaliana tuziweke pamoja. Nina sanduku la bati la mwanangu la shule. Lina kufuli. Mwanaume halisogelei."

"Na zimeanza kufa lini?"

"Za kwanza zilidumu vizuri. Mwaka huu ndio zimeanza. Tunakwenda benki, tunalipa, tunapewa mpya, tunazirudisha sandukuni, siku si nyingi zimekufa tena. Benki wanatwambia tunazitunza vibaya. Tunazitunza vibaya, sisi! Nimezifunga kwenye kitenge kipya, afande. Mimi mwenyewe sijawahi kuvaa kitenge kipya tangu Pasaka."

"Ulimchukia Esta?"

"Tulinuniana." Akaishika rozari. "Ila Ijumaa asubuhi Burito alipokuja mbio, nilifungua sanduku kabla hajamaliza salamu. Muulize."

Masatu alimuuliza maswali mengine, akayauliza tena kwa njia nyingine, majibu yakawa yaleyale. Akaandika, akafunga faili, akaenda benki.

Meneja wa benki alikuwa kijana wa tai, mgeni wa mkoa, na feni lake lilikuwa linampulizia yeye tu.

"Pesa za hao akina mama zipo?" aliuliza Masatu.

"Zote. Hakuna iliyoguswa. Nimeshamweleza mkuu wako."

"Basi hakuna wizi."

"Kuna uharibifu. Wateja wangu wengine, walimu, wauguzi, nyie polisi, kadi zenu zinadumu. Hawa tu ndio kila mara wanakuja na kadi zilizokufa."

"Na kila wakija wanalipia mpya."

Meneja akatabasamu kidogo. "Sajenti, unadhani benki inaishi kwa ada ya kadi za wakulima wa Butiama?"

Masatu alikuwa amedhani hivyo, ndiyo. Alikuwa ametembea na wazo hilo njia nzima kutoka kituoni: benki inawapa wakulima kadi mbovu kwa makusudi ili walipe tena. Lingekuwa wazo tamu. Lakini kadi zilitoka boksi moja na za walimu, meneja alimwonyesha, na za walimu zilikuwa zinafanya kazi.

Nje, chini ya kivuli cha ukuta, alimkuta Florian, mlinzi wa mashine, virungu viwili na filimbi moja.

"Florian, nasikia akina mama wa Butiama wanakupa wewe kadi uwatumbukizie."

"Afande, wengine wanaogopaga mashine. Wanasema inaweza kuuma mkono. Nawatumbukizia, wanabonyeza namba yao wenyewe, mimi naangalia ziwani."

"Unaangalia ziwani."

"Mpaka shingo inauma."

"Wanakupa kitu?"

"Soda, afande. Saa nyingine samaki, sato mdogo. Usiniangalie hivyo, sato mdogo si rushwa."

"Watu wanasema unazikwangua kadi ili warudi tena na soda nyingine."

Florian akaacha kucheka. "Mimi ndiye niliyemwambia Burito aende Bunda," alisema. "Tangu Ijumaa chakula hakipiti. Ningemwambia akae hapa, akope kwa watu, si angewahi? Nikwangue kadi? Muulize Boke, mama mmoja wa hukohuko Butiama. Ya kwake nimeitumbukiza mimi kila mara kwa mkono huu huu, na haijawahi kukataa."

Masatu alisimama hapohapo juani. "Boke yupo kwenye kikundi?"

"Yupo. Anauza pamba na wenzake."

Kesho yake asubuhi, kabla ya kupanda gari la Butiama, Masatu alichomeka kadi yake mwenyewe ya mshahara kwenye mashine ya Musoma. Ikasoma, ikamtolea. Akaiweka mfukoni na kuondoka.

Nyumbani kwa Pelagia palikuwa pamefungwa, na mlangoni kuna mtu alishamwaga majivu. Mjumbe wa nyumba kumi alisimama shahidi. Sanduku lilikuwa chini ya kitanda. Masatu akalifungua kwa ufunguo aliokabidhiwa na Pelagia. Ndani kulikuwa na kadi zimefungwa kwenye kitenge, kweli kipya, na pembeni yake kipande cha gunia kimezungushiwa kitu kizito cha duara, kama andazi la chuma. Alipokivuta hakikutoka upesi. Kilikuwa kimeng'ang'ania bati. Akakifungua kidogo, akaona rangi nyeusi, akadhani ni jiwe la kunolea visu. Akakiandika kama kielelezo, akalibeba sanduku zima mpaka kwa Boke.

Boke alikuwa anachambua choroko kwenye ungo. Alimtazama Masatu, akalitazama sanduku, akacheka.

"Hee! Serikali imekuja kubeba masanduku ya wanawake sasa. Karibu kiti, afande."

"Starehe. Wewe ndiye Boke usiyeweka kadi humu?"

"Ndiye."

"Kwa nini? Humwamini Pelagia?"

"Namwamini kuliko padri. Lakini mimi sina mume, afande. Nikificha kitu namficha nani? Kuku?"

"Kadi yako unaiweka wapi?"

"Kwenye kitabu cha nyimbo. Nikienda kanisani naenda nayo, nikirudi narudi nayo. Haijafa hata siku moja." Akaingia ndani, akatoka nayo.

Masatu akaziweka kadi mbili juu ya ungo, ya Boke na ya Esta, ambayo Burito aliitupa mapokezi ya polisi kama mtu anayetupa nyoka. Ya Boke ilikuwa imechubuka pembe, namba zimefifia, ina doa la mafuta ya taa. Ya Esta ilikuwa inang'aa kama imetoka dukani jana. Iliyotumika sana ndiyo nzima, na iliyotunzwa ndiyo imekufa.

Akazigeuza. Nyuma ya kila moja ulipita mstari wa rangi ya kahawia iliyokolea, laini, unaoteleza kidoleni. Rangi ile aliijua. Marehemu mke wake alikuwa na kanda ya kwaya, utepe wake wa rangi hiyohiyo, ameimba yeye sauti ya kwanza, na baada ya msiba Masatu aliilaza kanda ile juu ya spika kubwa ya redio ili isipotee. Alipokuja kuipiga, ilitoa mchakacho tu, kama mvua juu ya bati. Fundi redio alimwambia: spika ina sumaku, mzee, na sumaku inafuta.

Aliinama sandukuni, akakivua gunia kile kitu cha duara. Pini iliyokuwa imeanguka ndani ya sanduku ikaruka yenyewe na kunasa juu yake.

"Mama Boke, hiki ni nini?"

"Hiyo? Si sumaku ya spika! Wachimbaji wanatumiaga. Wakishaosha mchanga kwenye karai, unabaki ule mweusi. Wanaupitishia hiyo, chuma kinanata, dhahabu inabaki. Ukiwa nayo kubwa kama hiyo wewe ni tajiri wa machimbo. Wanaibianaga hizo kuliko wanavyoibiana wanawake."

"Nani kwenye kikundi ana mume mchimbaji?"

Kicheko kikamkauka Boke. Akaupeleka mkono kwenye choroko, akaurudisha.

"Wengine waume zao machimbo yao ni kilabuni," alisema taratibu. "Mchimbaji ni Burito peke yake."

Masatu hakurukia jibu. Alichukua kadi yake ya mshahara, ile iliyomtolea pesa asubuhi, akaifunga ndani ya kitenge pamoja na zile zilizokufa, akakiegemeza kwenye sumaku, akafunga sanduku na kufuli. Boke akashika kichwa.

"Afande, mshahara wako!"

"Acha tuone."

Alirudi Musoma na sanduku magotini. Palepale kituoni, mbele ya mashahidi wawili, alilifungua, akatoa kadi yake, wakaenda wote kwenye mashine. Florian aliwapisha. Mashine ikaimeza, ikafikiri, ikaitema. Kadi haisomeki.

"Afande!" Florian alirudi nyuma. "Na wewe umerogwa?"

"Wote tumerogwa, mura. Ngoja nikamwone mganga."

Meneja alikuwa anafunga mkoba. Masatu aliiweka kadi mezani, na sumaku akaiweka mbali, kwenye kiti.

"Ah, sumaku," alisema meneja, kama mtu anayeambiwa mvua inalowesha. "Bila shaka. Inafuta ule mstari wa nyuma. Kila mtu anajua hilo."

"Kila mtu nani?"

"Ni jambo la kawaida, sajenti."

"Hawa mama walikuja kwako mara ngapi na kadi zilizofutika? Mliwauliza wanaziweka wapi?"

"Tuliwaambia wazitunze mahali salama."

"Wakaziweka mahali salama," alisema Masatu. Meneja akatazama saa.

Pelagia hakushangaa alipoiona sumaku mezani mwa chumba cha mahojiano. Alishangaa alipoambiwa imefanya nini. Alifunika uso kwa kanga, akakaa hivyo.

"Ilikuwa ya nani, mama?"

"Kwenye sanduku lile, mtu akiweka kitu chake haulizwi, na wengine hawasemi. Hasa kwa mwanaume. Ndiyo sheria yetu. Bila hiyo hakuna ambaye angeleta kitu."

"Ukinyamaza unapandishwa Alhamisi."

"Nipandishwe. Mwenyewe hawezi tena kunipa ruhusa."

Masatu aliandika maneno hayo kama yalivyo, akatia mstari chini ya neno *tena*. Ilikuwa imebaki kazi moja, na angelipa ili mtu mwingine aifanye.

Afande Machage alisikiliza, akakuna kidevu. "Kwa hiyo hakuna mtuhumiwa."

"Hakuna, afande."

"Lakini mlalamikaji yupo, na nduguze wana viberiti. Bila yeye mwenyewe kufuta malalamiko, nikimwachia huyo mama, nyumba inaungua na mimi ndiye nitaulizwa. Nenda kamweleze. Wewe una maneno mazuri."

Burito hakuwa nyumbani. Alikuwa amerudi machimbo hata matanga hayajaanuliwa. Nduguze walisema hawezi kukaa ndani, akikaa anaongea na ukuta. Masatu alimkuta kwenye dimbwi la kuoshea, miguu ndani ya tope, karai mikononi. Hakuwa na sumaku. Alikuwa anatenga mchanga mweusi kwa kucha.

"Pole, Burito."

"Sijapoa, afande. Mmemfunga?"

"Bado." Masatu alifungua gunia. "Nataka uniangalizie hiki kitu."

Uso wa Burito ulifunguka kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile. Akaidaka kwa mikono miwili.

"Sumaku yangu! Angalia, hapa ilipasuka, nikaziba kwa lami. Umeipata wapi? Nilijua imepotea na marehemu." Akaigonga kwa kidole. "Hii nilinunua Musoma kwa fundi, ilitoka kwenye spika ya disko. Hapa wakaanza kuivizia. Nikamwambia mama watoto, nitunzie, nikiihitaji nakuja kuchukua. Akaniambia ana mahali ambapo mwanaume hafiki. Nikamuuliza wapi, akanicheka. Akasema, mume wangu, wewe chimba tu, mali yako nimeiweka pamoja na mali yangu."

Masatu alitazama tope.

"Ni lini hiyo?"

"Mwaka huu, baada ya kupalilia."

"Kaa chini, Burito."

"Nikae kwenye maji?"

"Kaa hapa jiweni."

Alimweleza. Alimweleza kwa kifupi, bila kupamba, na alipofika kwenye mstari wa kahawia nyuma ya kadi alitoa kadi yake mwenyewe iliyokufa na kumwonyesha. Wachimbaji wengine walikuwa wameacha makarai yao. Burito alisikiliza akiwa ameishika sumaku mapajani kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa wenyewe. Mara ya kwanza hakuelewa. Mara ya pili akaanza kutikisa kichwa kabla Masatu hajamaliza.

"Hapana," alisema. "Hii ni chuma tu. Chuma kinauaje pesa ya benki?"

"Pesa ipo. Kilichokufa ni kadi."

"Kwa hiyo ningekuwa nimeiacha hapa wakaiiba..."

Burito akaiweka sumaku juu ya jiwe, taratibu, akajifuta mikono kwenye suruali, akaifuta tena.

"Mwachieni yule mama," alisema. "Nitakuja mwenyewe kusema. Na kaka zangu nitawaambia mimi."

"Asante."

"Na benki wamesemaje?"

Masatu angeweza kudanganya. "Meneja anasema kila mtu anajua."

"Kila mtu." Burito alilirudia neno lile kama anayeonja maji machafu. "Siku wanagawa kadi nilikuwepo, afande. Walikuja na gari, wakafunga turubai, mkubwa mmoja akahutubia mpaka jua likageuka. Akasema maendeleo yamefika Butiama. Wakawaambia wanawake wasimpe mtu namba ya siri. Wakawaambia wasikunje. Esta akanyoosha mkono, akauliza, je, ikilowa? Wakampigia makofi, wakasema mama huyu ana akili, ikilowa ianike. Nilijivuna, mimi. Nikawaambia watu, huyo ndiye mke wangu." Akamtazama Masatu usoni, macho makavu. "Alikuwa tayari kuambiwa, umeona? Aliuliza mwenyewe. Sasa wewe mpelelezi, kaniulizie huko kwa wakubwa wako na wale wa benki: ilikuwa kazi ya nani kumwambia Esta?"